Rosta ya Penseli

BARUA YA WAZI

Kwa: Waganga Wafawidhi, Wauguzi Wafawidhi na Makatibu wa Afya,
Hospitali za wilaya na vituo vya afya,
Tanzania Bara.

YAH: OMBI LA KUANDIKA RATIBA ZA ZAMU KWA WINO

Waheshimiwa,



Barua nyingi za wauguzi zinazofika mezani kwenu zinadai fedha: malimbikizo ya mshahara, posho ya sare, posho ya kuitwa kazini, fedha za likizo. Madai hayo ni ya haki, na wapo wanaoyasimamia. Barua hii haidai hata senti. Inaomba kitu ambacho kila katibu wa afya anacho tayari kwenye droo yake: kalamu ya wino.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekaa wodini miaka 19, na sita kati ya hiyo nilikuwa inchaji wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya. Siitaji, maana nikiitaja mtadhani naisema hiyo peke yake. Kwa miaka hiyo sita mimi ndiye niliyepanga rosta. Kwa hiyo mkikuta lawama humu ndani, jueni ya kwanza inaanzia kwangu.

Rosta ni karatasi moja tu. Majina yamepangwa kushoto, tarehe zimepangwa juu, na kwenye kila kijumba kuna herufi moja: M ni zamu ya asubuhi, E ni ya jioni, N ni ya usiku, O ni ofu. Herufi zimetoka kwenye Kiingereza, lakini tumeishi nazo mpaka zimekuwa za nyumbani. "Wiki hii nimepigwa N nne." "Nina E kesho, nibadilishie." Muuguzi akitaka kujua kama atafika kwenye arobaini ya shangazi yake, haangalii kalenda, anaangalia rosta. Ndugu zake wameshajifunza kuuliza "Utakuwa ofu?" kabla hawajamtajia tarehe ya harusi. Kwenye kikoba anatozwa faini za kuchelewa mpaka wenzake wanaona aibu kumtoza.

Na karatasi hiyo yenye nguvu kiasi hicho huandikwa kwa penseli. Sizungumzii hospitali moja. Karibu kila inchaji niliyemfahamu alifanya hivyo. Droo yangu ilikuwa na penseli tatu, kichongeo, na kifutio kilichonunuliwa cheupe kikageuka cheusi. Ikifika tarehe 20 ya mwezi, karatasi yangu ilikuwa imekwanguliwa mpaka ukiiinua dirishani unaona mwanga upande wa pili. Rosta yenyewe niliibandika siku ya mwisho ya mwezi, jioni. Watu walisimama mbele ya ubao, wakaipiga picha kwa simu, wakaondoka kimya wakihesabu kwa vidole. Baada ya hapo ilibadilika kila siku, kwa ujumbe wa saa 4 usiku kwenye kundi la WhatsApp la wodi: "Naomba kesho uingie asubuhi, mwenzako anaumwa." Kila nesi anajua kwamba hiyo "naomba" si ombi.

Naomba sasa tuhesabu pamoja. Chukueni mpangilio wa zamu tuliokuwa nao sisi, ambao wengi wenu mtautambua. Asubuhi: saa 1:30 hadi saa 9:30 alasiri. Jioni: saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Usiku: saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Kwenye mstari wa dada mmoja pameandikwa hivi: Jumapili N, Jumatatu O, Jumanne M. Aliyepanga anaona amempa mtu usiku mmoja wa kazi, siku moja ya mapumziko, kisha asubuhi. Karatasi inapendeza.

Isomeni tena, safari hii kwa Kiswahili. Sisi kwa asili hatukusema usiku wa Jumapili, tulisema usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwetu usiku ni mali ya siku inayokuja. Waliotuachia hesabu hiyo hawakuwahi kuona rosta, lakini wangemwambia inchaji bila kupepesa macho kwamba dada huyu Jumatatu hakupumzika, maana Jumatatu ilianza naye akiwa wodini. Hata kwa hesabu ya saa ya ofisi, toka saa 6 usiku hadi saa 2 asubuhi amefanya kazi saa 8 ndani ya siku iliyoandikwa O. Ni siku nzima ya kazi ya mtu wa ofisini, na kwenye karatasi yetu inaitwa ofu.

Anakabidhi wodi, anamalizia ripoti, anapanda daladala ya kurudi nyumbani. Anafika saa 4. Anajaribu kulala na jua likiwa dirishani, wanunuzi wa vyuma chakavu wakipita na spika, mtoto akirudi shule saa 8 na njaa yake. Usiku analala kama watu wengine, na saa 10 alfajiri yuko macho kuwahi gari. Toka saa 2 asubuhi ya Jumatatu hadi saa 1:30 asubuhi ya Jumanne ni saa 23 na nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Kwa hiyo hata tukikubaliana kwamba kulala baada ya kukesha ni kupumzika, ofu hiyo bado ina upungufu wa nusu saa. Dada huyu alikuwa analipa deni la usingizi, na hakumaliza kulilipa.

Angalieni na jozi nyingine tunayoipenda sana: E leo, M kesho. Jioni inaisha saa 2 usiku, asubuhi inaanza saa 1:30. Hapo katikati kuna saa 11 na nusu. Sheria ileile inataka saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Ondoeni muda wa kukabidhiana, foleni ya barabarani, kuoga, kula, kukagua madaftari ya watoto. Kinachobaki cha kulala ni saa 5, kama hakuna aliyeamka na homa.

Mtasema nusu saa si ya kugombania. Mimi naigombania kwa sababu inaonyesha kwamba karatasi hii haijawahi kulazwa kando ya sheria ikalinganishwa nayo. Ingelinganishwa hata mara moja, tungegundua pia kwamba sheria inakataza kumpanga mjamzito zamu ya usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Mimi, mkunga, niliyetumia siku nzima kuwaambia kina mama wapumzike, nimewahi kumwandikia N mkunga mwenzangu mwenye mimba ya miezi minane. Nilijitetea kwamba hakuniambia. Angeniambiaje? Tumbo nililiona.

Niseme na lile ambalo sikuwahi kulisema. Mwezi mmoja mwenzangu aliniomba Jumamosi. Aliomba mapema, wiki tatu kabla, kwa kuwa mdogo wake alikuwa anaolewa Morogoro. Nikamwandikia O. Ijumaa mchana, aliyekuwa na zamu ya usiku wa Jumamosi akapata msiba. Nilitazama majina yote, sikuona wa kumpanga. Nikachukua kifutio, nikafuta O, nikaandika N, nikampigia simu. Hakubisha. Wiki hiyo alikuwa ameshafanya zamu tatu za usiku.

Leba ilijaa usiku ule. Karibu saa 10 alfajiri alivuta dawa kwenye bomba la sindano kwa ajili ya mama wa kitanda cha 2, na dawa ile ilikuwa ya mama wa kitanda cha 5. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa kwenye mafunzo ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukosea adabu: "Sista, hiyo si magnesiamu ya yule mwenye kifafa cha mimba?" Mkono ukasimama hewani.

Hakuna aliyedhurika. Asubuhi mwenzangu aliniambia mwenyewe, tukiwa wawili stoo, akitazama sakafu. Nikamwambia akalale. Sikuandika popote. Kwenye kitabu cha ripoti usiku ule ni usiku mwema. Na kwenye rosta, mkaguzi hata angekuja na miwani asingejua kwamba palikuwa na O. Nilikuwa nimefuta vizuri.

Nimemfikiria mara nyingi mwanafunzi yule. Hakuwa na ujuzi kutuzidi. Alikuwa tu mtu pekee mle ndani aliyekuwa amelala vizuri siku iliyotangulia.

Wapo watakaosoma kisa hiki wakasema ulikuwa uzembe wa mtu mmoja. Hapana. Mwaka 2004 Marekani kulichapishwa utafiti ambao wauguzi 393 waliandika kila siku saa walizofanya kazi na makosa waliyofanya au waliyonusurika kufanya. Zamu ilipofika saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa kukosea ulikuwa karibu mara 3. Zamu yetu ya usiku ni saa 12 kwenye karatasi. Ongezeni kukabidhiana na mwenzako aliyechelewa gari, tumefika. Kabla ya hapo, mwaka 1997, watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka hadi kufanana na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Muuguzi anayeamka saa 1 asubuhi, akashinda na shughuli za nyumbani bila kupata usingizi wa mchana, akaingia zamu saa 2 usiku, anatimiza saa 17 ifikapo saa 6 usiku. Amebakiza saa 8 za kuhesabu matone ya dripu. Basi la mikoani safari ikiwa ndefu linabeba madereva wawili wapokezane, na abiria analidai hilo kwa sauti. Mama aliyeko leba hajui hata kuuliza.

Mwili nao unaweka hesabu zake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 likaurudia uamuzi huo. Sisemi zamu za usiku zifutwe. Watoto wanazaliwa usiku, na mimi nimewapokea mamia. Nasema tu kwamba kitu cha hatari kwenye stoo ya dawa tunakifungia kufuli, tunakihesabu kila zamu, na tunakiandika kwenye rejista. Zamu ya usiku tunaigawa kwa penseli.

Sasa nije kwenye jibu lenu, ambalo nalijua kwa sababu hata mimi nililitoa miaka sita: watu hawatoshi.

Ni kweli hawatoshi, na niko tayari kuwasaidia kulithibitisha. Chukueni wodi inayohitaji wauguzi watatu asubuhi, wawili jioni na wawili usiku. Asubuhi: watatu, saa 8 kila mmoja, siku 7, ni saa 168. Jioni: wawili, saa 6, siku 7, ni saa 84. Usiku: wawili, saa 12, siku 7, ni saa 168. Jumla saa 420 kwa wiki. Sheria inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanyeni: wodi hiyo inahitaji watu 10, na wote 10 wawe wazima, asiwepo wa likizo, wa uzazi wala wa semina. Mmoja akienda likizo, waliobaki 9 wana saa 405, na wodi tayari imepungukiwa.

Sisi tulikuwa 7. Saa 420 kwa watu 7 ni saa 60 kila mtu, kila wiki, hata rosta ingeandikwa na malaika. Hizo ni saa 15 za ziada kwa wiki na saa 60 kwa wiki nne. Ukomo wa saa za ziada kisheria ni 50 kwa wiki nne. Maana yake wodi yangu ilivunja sheria kila mwezi kwa miaka sita, na hakuna ngazi ya juu iliyojua. Isingejua, kwa sababu kila mwezi nilipeleka juu karatasi iliyojaa. Kila kijumba kilikuwa na herufi. Mtu wa halmashauri akiitazama anaona wodi iliyopangwa vizuri, yenye watu wa kutosha kuziba kila zamu. Kwa nini aombe kibali cha ajira?

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya penseli. Nilikuwa nadhani naitumia kuwatafutia wagonjwa watu. Kumbe niliitumia pia kuificha shida. Tundu lilikuwepo, nami nikaliziba kwa usingizi wa wenzangu, nikapaka rangi juu yake, kisha kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, nikasimama na mshumaa mkononi kulalamika kwamba serikali hailioni tundu. Huku nje kuna wauguzi waliosoma, wenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wanaosubiri ajira mwaka baada ya mwaka. Wengine tunao wodini wanajitolea kwa nauli ya daladala, na nao tuliwaingiza kwenye vijumba vya rosta kwa penseli ileile, ili karatasi ionekane imejaa.

Kuna matumizi mengine ya penseli ambayo hatuyasemi kwenye vikao. Aliyebishana na inchaji anajikuta na N za Krismasi na Idi. Aliyeuliza habari za posho anapangwa E na M mfululizo mpaka achoke kuuliza. Mwingine, mwenye mjomba au mwenye mdomo mtamu, ana M za Jumatatu hadi Ijumaa kama karani wa benki. Wodini tunaiita rosta ya fimbo. Niliwahi kuishika. Haiachi alama kwenye mwili, na kesho yake unaweza kufuta ukasema hukumchapa mtu.

Penseli inafuta na haki za fedha, ingawa niliahidi barua hii haitadai fedha. Sheria inampa anayefanya kazi usiku nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na anayefanya kazi sikukuu ya kitaifa malipo maradufu. Ushahidi wa madai hayo ni rosta. Ukiwa umefutwa na kuandikwa upya mara nne, nesi anadai kwa ushahidi gani?

Nayaomba mambo matano. Yote yanaweza kuanza mwezi ujao.

Kwanza, rosta ibandikwe wiki mbili kabla ya mwezi kuanza, kwa wino au imechapwa, ikiwa na sahihi ya inchaji na ya muuguzi mfawidhi. Ombi hili si geni. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1977 lilipitisha Mkataba namba 149 wa wauguzi, ambao Tanzania imeuridhia, pamoja na Pendekezo namba 157 linalosema wauguzi wajulishwe ratiba zao mapema kiasi cha kuweza kupanga maisha yao na ya familia, na ibadilishwe kwa dharura maalumu tu. Karibu miaka 50 imepita. Mimi nilikuwa naibandika jioni ya tarehe 30.

Pili, saa 12 kati ya zamu na zamu ziheshimiwe, na siku ya kulala baada ya kukesha isiitwe ofu. Ipewe herufi yake. Mkipenda, iandikeni K, kuamkia. Ofu ianze kesho yake. Pendekezo lile la 1977 halikubali mapumziko ya wiki yaliyo chini ya saa 36 mfululizo, na muuguzi yeyote atawaambia kwa nini: chini ya hapo unaamka ukiwa bado uko kwenye zamu iliyopita.

Tatu, mwisho wa kila mstari iandikwe jumla ya saa za mtu huyo kwa mwezi. Ni kujumlisha tu. Lakini mahali palipoandikwa 240, hakuna atakayesema tena kwamba wauguzi wa siku hizi ni wavivu. Na penye upendeleo utaonekana bila mtu kunong'ona.

Nne, na hili ndilo kubwa: zamu isiyo na mtu iachwe tupu kwenye rosta inayotoka. Iachwe tundu, lizungushiwe wino mwekundu, na nakala iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kila mwezi. Sisemi mama aachwe leba peke yake. Usiku ukifika tundu litajazwa, kama lilivyojazwa siku zote. Mtu ataitwa, na ataitika. Tofauti ni kwamba itaonekana lilikuwepo, lilijazwa na nani, na kwa saa ngapi za ziada. Matundu 30 kwenye karatasi moja yanaongea kuliko hotuba yangu ya Mei 12. Najua yupo kati yenu anayehofia kwamba karatasi yenye matundu itamfanya aonekane ameshindwa kazi. Mheshimiwa, karatasi yangu haikuwa na hata tundu moja, na kazi ilinishinda.

Tano, badiliko lolote liandikwe na lisifutwe. Sheria yenyewe imeacha mlango wa dharura, na ni vizuri, kwa kuwa mafuriko na ajali za mabasi haviombi ruhusa. Lakini dharura inayojirudia kila mwezi, kwenye wodi ileile, kwa watu walewale, hiyo imeshakuwa utaratibu, na utaratibu unapaswa kuwa na sahihi ya mtu.

Na namna ya kuandika badiliko hilo hatuna haja ya kufundishwa. Tulifundishwa chuoni, miezi ya mwanzo kabisa, kabla hata hatujaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Faili la mgonjwa haliandikwi kwa penseli. Ukikosea hufuti, wala hupaki rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lisomeke, unaandika kilicho sahihi pembeni, kisha unatia sahihi yako na saa. Walimu wetu walitueleza sababu: kilichompata mgonjwa kimempata, na hakuna mwenye haki ya kukifanya kisiwepo. Mwanafunzi aliyekutwa na kifutio wodini alirudishwa bwenini.

Kanuni hiyo tumeishika vizuri kwenye faili la mgonjwa. Tuihamishie kwenye ubao wa wodi. Mwenzangu aliyenyimwa harusi ya mdogo wake alistahili angalau mstari mmoja juu ya O yake, O ibaki inasomeka, na pembeni sababu, na jina langu. Ningejua kwamba jina langu litabaki pale mwezi mzima, mbele ya wote, labda ningeongeza simu moja zaidi kabla ya kumpigia yeye. Labda ningempigia mganga mfawidhi saa hiyo hiyo na kumwambia sina mtu. Sikuwahi kulazimika kusema maneno hayo. Penseli ilinisemea.

Uinchaji niliuacha kwa hiari. Nimerudi kwenye kijumba kama wengine, nangoja rosta kama wengine, naipiga picha kama wengine. Nilipokuwa nasafisha droo nilimwachia aliyenipokea penseli na kichongeo. Kitu kimoja sikumwachia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga, aliyewahi kuwa inchaji.

Nakala: Ubao wa matangazo, kila wodi.

Kiambatisho: Kifutio kimoja, kimetumika.